Shomoro wa Tano Ana Bei Gani?

Leo tuanze na hesabu ya sokoni.

Katika Injili ya Mathayo (10:29) Yesu anasema shomoro wawili huuzwa kwa senti moja. Katika Luka (12:6) anasema watano huuzwa kwa senti mbili. Piga hesabu: kama wawili ni senti moja, basi kwa senti mbili unapata wanne. Sasa huyu wa tano katoka wapi? Ukishazoea masoko yetu, jibu unalo. Huyo ni nyongeza. Mama muuza dagaa akishakupimia kopo lako, anachota tena kidogo kwa mkono na kukuongezea, ili kesho urudi kwake. Shomoro wa tano hakulipiwa. Bei yake ni sifuri. Na ni juu ya hao watano, pamoja na yule wa bure, Yesu anasema hakuna hata mmoja anayesahauliwa mbele ya Mungu.

Huyu shomoro wa tano amekuwa akinisumbua tangu nilipokuwa mwaka wa mwisho wa falsafa, niliposoma namna wachumi wanavyopima thamani ya viumbe walio hatarini kutoweka. Njia yenyewe si ngumu kuielewa. Mtafiti anakuja kwako na dodoso, anakueleza habari za mnyama fulani, kisha anauliza: wewe na kaya yako mko tayari kulipa kiasi gani ili mnyama huyu asitoweke? Anakusanya majibu, anatafuta kiwango cha kati, anazidisha kwa idadi ya kaya za nchi nzima. Namba inayotoka ndiyo inayoitwa thamani ya mnyama huyo kwa jamii.

Swali langu ni hili: je, ni sawa kwa Mkristo kuuliza hivyo? Na tukiuliza, jibu linatuambia nini hasa?

Tuwatendee haki wachumi

Ni rahisi kusema, "Hawa wachumi hawana moyo, kila kitu kwao ni hela." Hapana, ndugu yangu. Tuwasikilize kwanza.

Vitu vinavyouzwa sokoni vina mtetezi wake. Mbao zina bei. Umeme una bei. Dhahabu ndiyo usiseme. Lakini kule kujua tu kwamba kifaru mweusi bado yupo hai, hata kama hujawahi kumwona na hutamwona, nani anauza? Hakuna. Kwa hiyo watu wakikaa mezani kuamua kama bwawa lijengwe au msitu ukatwe, upande mmoja wa karatasi una mabilioni, upande wa pili una nafasi tupu. Na nafasi tupu kwenye hesabu husomeka kama sifuri.

Hilo ndilo lililowasukuma wataalamu watafute njia. Mwaka 1963 Mmarekani mmoja, Robert Davis, katika utafiti wake wa chuo kikuu, aliwauliza watu waliotumia misitu ya jimbo la Maine wako tayari kulipa kiasi gani kwa ajili ya misitu hiyo. Mwaka 1967 mchumi John Krutilla akaandika kwamba mtu anaweza kupata faida ya kweli kwa kujua tu kwamba kitu fulani cha asili kipo, hata kama hatakitumia. Wazo hilo lina uzuri wake. Ni kama mchumi anakiri kwamba binadamu anaweza kupenda bila kumiliki.

Kisha ikaja Machi 1989. Meli ya mafuta ya Exxon Valdez iligonga mwamba kwenye pwani ya Alaska, na lita zipatazo milioni 40 za mafuta ghafi zikamwagika baharini. Ndege wa baharini walikufa kwa maelfu mengi, na fisi maji wa baharini pia. Samaki waliokosa kuvuliwa walikuwa na bei, hao hawakuleta shida. Lakini fisi maji aliyekufa, ambaye hakuna aliyepanga kumuuza, fidia yake ni kiasi gani? Timu iliyoongozwa na Richard Carson na wenzake ikaenda nyumba kwa nyumba nchini Marekani, ikahoji zaidi ya watu 1,000. Jibu la kati lilikuwa kama dola 31 kwa kaya, zilipwe mara moja tu, ili kuzuia ajali nyingine kama ile. Zidisha kwa kaya za nchi nzima: dola bilioni 2.8.

Kabla ya hapo upande huo wa karatasi ulikuwa mtupu. Kwa hiyo mimi siwacheki. Walijaribu kumpa sauti kiumbe asiye na sauti, kwa lugha pekee ambayo wakubwa wa mezani walikuwa wanaielewa.

Kadi ya mchango

Sasa tuje kwenye matatizo. Na hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna uzoefu, maana swali la "uko tayari kutoa kiasi gani" tumelizoea tangu utoto. Linaitwa kadi ya mchango.

Umewahi kuwa kwenye kamati ya harusi? Basi unajua. Watu wanasimama kikaoni, wanaahidi laki moja, laki mbili, makofi yanapigwa. Wiki mbili kabla ya sherehe mhazini anapiga simu na simu hazipokelewi. Ahadi na pesa mkononi ni vitu viwili tofauti. Watafiti nao wameliona hilo: mtu akiulizwa swali la kufikirika, mara nyingi hutaja zaidi ya kile ambacho angetoa kweli kama mfuko ungefunguliwa palepale.

Kuna jambo la pili. Katika utafiti mmoja wa Marekani miaka ya mwanzo ya 1990, ambao ulifadhiliwa na kampuni ya Exxon yenyewe, makundi tofauti yaliulizwa wangelipa kiasi gani kuzuia ndege wasife kwenye madimbwi ya mafuta machafu. Kundi la kwanza liliambiwa ndege 2,000 wataokolewa, la pili 20,000, la tatu 200,000. Wastani wa majibu: dola 80, dola 78, dola 88. Yaani ndege wakiongezeka mara mia, mkono ulifunguka kwa dola nane tu! Watetezi wa njia hii waliukosoa utafiti huo, wakasema maswali hayakutungwa vizuri. Lakini mwaka 1992 Daniel Kahneman na Jack Knetsch walikuwa wametoa maelezo yanayochoma: huenda mtu anapojibu hanunui uhai wa ndege hata kidogo. Ananunua ule utulivu wa moyoni wa kujiona ni mtu mwema.

Jamani, hapo si wachumi tu wanaoguswa. Hata sadaka ya Jumapili inaweza kuwa hivyo. Unatoa elfu moja, dhamiri inatulia, na hujauliza kama wenye shida ni wawili au mia mbili.

Senti mbili za mjane

Tatizo la tatu ndilo zito zaidi kwangu. Utayari wa kulipa unapimwa kwa pesa, na pesa hazikugawanywa sawa. Mtu wa mjini ughaibuni akisema "dola 100 kwa ajili ya tembo," na mkulima anayelima kandokando ya hifadhi akisema "shilingi 2,000," je, wa kwanza anampenda tembo zaidi? Kumbuka mjane wa Marko 12:41-44. Kwa dodoso la mtafiti, yule mama angeingizwa kwenye jedwali akiwa wa mwisho kabisa. Yesu alipokaa kuangalia sanduku la sadaka, alimweka wa kwanza, kwa sababu yeye hakuangalia kilichotoka bali kilichobaki mfukoni.

Tena swali lenyewe lina ujanja ndani yake. Yule mkulima unaweza kumuuliza maswali mawili. La kwanza: "Uko tayari kulipa kiasi gani ili tembo wabaki?" La pili: "Tukulipe kiasi gani ili ukubali tembo wapite kwenye mahindi yako?" Yanafanana, lakini hayafanani. La kwanza linachukulia kwamba yeye ndiye anayedaiwa. La pili linachukulia kwamba yeye ana haki yake, na sisi ndio tunaomba. Majibu nayo hutofautiana sana. Kitabu cha mwaka 1974 cha Hammack na Brown kilionyesha kuwa wawindaji wa bata Marekani walitaja wastani wa dola 247 kwa swali la kwanza, na zaidi ya dola 1,000 kwa swali la pili, kwa jambo lilelile. Kwa hiyo kabla mchumi hajapata namba yoyote, kuna mtu ameshaamua nani mwenye haki. Na uamuzi huo ni wa kimaadili. Hakuna kikokotoo kinachoweza kuufanya kwa niaba yetu.

Vyura wa Kihansi

Tuache Marekani. Turudi nyumbani, maana sisi Watanzania tulikutana na swali hili likiwa hai.

Kwenye milima ya Udzungwa kuna korongo la mto Kihansi. Maji yalikuwa yanaanguka kwa nguvu, yanatoa rasharasha mchana na usiku, na kwenye rasharasha hiyo, eneo la hekta chache tu, aliishi chura mdogo wa rangi ya njano, mdogo kuliko kidole gumba chako. Hatagi mayai kama vyura wengi. Anazaa watoto walio vyura kamili. Hakupatikana mahali pengine popote duniani. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa umeshaanza kujengwa hapo juu yake.

Mitambo ilipoanza kazi, karibu maji yote ya mto yakaelekezwa kwenye mashine. Rasharasha ikakauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 karibu vyura 500 walichukuliwa wakapelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama. Kule korongoni mabomba ya kunyunyizia maji yakawekwa, na kwa muda vyura wakaongezeka. Kisha mwaka 2003 wakafa kwa kasi ya kutisha, na ugonjwa wa kuvu unaoua vyura sehemu nyingi duniani ukaonekana kati yao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Wale wa Marekani walikuwa wamezaliana. Baadhi wakarudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni kwao ikaanza.

Tulipojadili jambo hili darasani, mwenzangu mmoja alisimama akasema, "Ndugu zangu, chura hawashi taa. Bibi yangu anasomesha wajukuu kwa kibatari." Darasa likacheka, lakini haikuwa hoja ya kuchekwa. Katekisimu (2418) inafundisha kwamba haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zilipaswa kupunguza taabu za watu. Na Yesu mwenyewe, kwenye maneno yaleyale ya shomoro, anatuambia sisi tuna thamani kuliko shomoro wengi. Kanisa halisemi chura ni sawa na bibi yake rafiki yangu. Akisema hivyo mtu, amepotoka.

Lakini tahadhari ni muhimu. Kwenye Yohana 12 Yuda alimtaja maskini vizuri sana. Alijua hata bei ya marhamu: dinari 300. Mwinjili anatuambia hakuwa anawajali maskini. Kwa hiyo mtu akisema "tuwaache vyura kwa ajili ya maskini," ni halali kumuuliza: huo umeme umefika kwa maskini gani? Kama nguzo zinapita juu ya paa la bibi na yeye bado ana kibatari, basi maskini ametumika kama jina tu.

Sasa angalia jambo moja kwenye hadithi ya Kihansi. Tuseme mtafiti angepita Tanzania nzima mwaka 1995 na dodoso lake. Chura wa Kihansi angepata shilingi ngapi? Sifuri. Hakuna mtu angeweza kuahidi mchango kwa kiumbe ambaye hakuna aliyejua kwamba yupo. Je, mwaka 1995 hakuwa na thamani, kisha mwaka 1996 akaipata siku mwanasayansi alipomwona? Hiyo haiingii akilini. Thamani yake ilikuwepo kabla yetu, maana kulikuwa na Mmoja aliyemjua. Huyo ndiye shomoro wa tano.

Bei, thamani na wajibu

Falsafa itusaidie kidogo. Kant, mwaka 1785, alitofautisha bei na hadhi: chenye bei unaweza kuweka kingine mahali pake, chenye hadhi hakina mbadala. Yeye hadhi aliiweka kwa binadamu. Lakini Mtakatifu Thomas wa Akwino, karne tano kabla yake, alishafungua mlango mpana zaidi. Katika Summa (I, swali la 47) anauliza kwa nini Mungu aliumba viumbe vya aina nyingi namna hii. Jibu lake ni kwamba wema wa Mungu ni mkubwa mno kuonyeshwa na kiumbe kimoja. Kile ambacho kimoja kinakosa, kingine kinakijaza. Kama ni hivyo, kila aina ya kiumbe inayopotea ni neno lililofutwa kwenye hotuba ambayo Mungu alikuwa anajieleza kwetu. Huwezi kufidia neno hilo kwa fungu la dola. Papa Fransisko katika Laudato Si' (namba 33) amekaza jambo hilihili: haitoshi kuwaona viumbe kama akiba ya kutumiwa na kusahau kwamba wana thamani ndani yao wenyewe.

Basi tutupe madodoso? Mimi nasema hapana. Tuyaweke mahali pake tu.

Fikiria mtoto wa jirani anahitaji upasuaji. Mtaa mzima unaitwa kikao. Watu wanaahidi: huyu elfu tano, yule elfu hamsini. Mwishoni zinapatikana laki nane. Je, kuna mtu atakayetoka pale akisema, "Kumbe mtoto huyu ana thamani ya laki nane"? Atapigwa! Namba ile imetueleza habari zetu: mifuko yetu, mioyo yetu, na pengo lililobaki. Haijasema chochote kuhusu mtoto. Kwamba mtoto atibiwe, hilo halikuwa kwenye ajenda. Ajenda ilikuwa nani abebe nini.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Ukiuliza "uko tayari kulipa kiasi gani" ili uamue kama kiumbe aishi au afe, umejiweka kwenye kiti ambacho si chako. Umewageuza wasimamizi wa bustani kuwa wamiliki. Ukiuliza swali hilohilo ili ujue mzigo ugawanyweje, nani ana uwezo mkubwa atoe zaidi, na yule mkulima wa kando ya hifadhi afidiwe nini, hapo swali ni zuri na hata la Kikristo. Kwanza wajibu, halafu mchango. Tukianza na mchango ndipo tuutafute wajibu, tutajikuta tunawajibika kwa wanyama wakubwa wenye sura nzuri tu, wale wanaopendeza kwenye kalenda, na vyura watakuwa wa kujitegemea.

Najua utaniambia: "Frateri, pesa zina mwisho. Hatuwezi kuokoa kila kitu." Ni kweli. Kuna siku tutashindwa kweli, kama familia nyingi zinavyoshindwa hospitalini. Lakini kushindwa ukijua kwamba umepoteza kitu chenye thamani ni tofauti na kufuta kiumbe na kusema hesabu ilikubali. Wa kwanza anaomboleza na kesho anajitahidi zaidi. Wa pili analala usingizi mzuri. Na kwa kuwa kiumbe akishatoweka harudi, mimi naogopa zaidi usingizi huo kuliko umaskini wetu.

Ya kutafakari wiki hii

1. Ni kitu gani katika maisha yako unakijali kwa sababu tu kina bei? Na ni nani amekuwa shomoro wa tano kwako, yule ambaye yupo bila kuhesabiwa?
2. Unapotoa sadaka au mchango, unatafuta uhitaji utimizwe au dhamiri itulie?
3. Kwenye JUMUIYA au kikundi chenu cha vijana, kuna chanzo cha maji, msitu au mnyama jirani yenu ambaye mnaweza kumlinda bila hata senti, kwa kuacha tu jambo fulani?

Tusali

Ee Mungu Baba, uliyewajua vyura wa korongoni kabla sisi hatujawapa jina, utufundishe kuhesabu kama unavyohesabu wewe. Utupe mikono iliyo wazi kwa maskini na macho yasiyoruka viumbe wako wadogo. Tusimtumie mmoja kama kisingizio cha kumsahau mwingine. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Frateri